Naomba Mnihoji

Binti yangu Selpher alikamatwa katika uwanja wa ndege wa Madrid akiwa na sanduku lenye kilo mbili za kokeini. Sanduku halikuwa lake. Alipoulizwa ni la nani, alisema ni lake. Jibu hilo nilimfundisha mimi.

Naitwa Osborn. Shule niliachia darasa la sita. Tangu nina miaka kumi na sita navusha mizigo ya watu kwa baiskeli kati ya Busia ya Kenya na Busia ya Uganda. Lazima nieleze kwanza kazi yetu inavyokwenda, maana bila hiyo utadhani binti yangu ni mjinga, naye hajawahi kuwa mjinga.

Mfanyabiashara akiwa na magunia kumi ya mchele, akiyapitisha pamoja atasimamishwa alipe ushuru. Kwa hiyo anayagawa. Anatafuta watu ishirini, kila mmoja anabeba nusu gunia. Tunapita mmoja mmoja. Afisa akiuliza mchele ni wa nani, kila mtu anasema ni wangu, wa kula nyumbani. Tukifika ng'ambo magunia yanakutana tena. Afisa anajua, na sisi tunajua kwamba anajua. Mwenye kusema ni wake anaachwa apite, au anatozwa kidogo. Kosa lisilosameheka ni moja tu, kusema mchele ni wa fulani. Hapo mzigo wote unafuatwa, mwenyewe anashikwa, na wewe hupewi tena mzigo Busia nzima. Mtu wa namna hiyo tunamwita redio.

Selpher alianza akiwa na miaka tisa, wakati wa likizo. Siku ya kwanza nilimwekea kilo ishirini kichwani, nikamwambia la kujibu, akasema, "Sawa, Baba," nami nikatangulia na baiskeli. Nilisimama ng'ambo nikamwangalia. Askari wa upande wa Uganda akamsimamisha.

"Wewe katoto, hii mchele ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Yako? Wewe nakula kilo ishirini peke yako?"

"Nina njaa, afande."

Askari yule na wenzake walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Wakampitisha. Nilimnunulia soda na chapati, nikamwambia leo umekuwa mtu wa mpaka. Nilijivuna. Niliwasimulia wenzangu wiki nzima. Kevo, tunayevusha naye mizigo, akampa jina, Nina Njaa, na jina hilo likamganda mpaka akawa mama.

Alikuwa na miaka ishirini na sita, na mtoto wake Prossy wa miaka minne, Sylvia alipomwita. Sylvia alikuwa na saluni kubwa mtaa wa Sofia, upande wa Uganda, na aliuza nywele za watu, zile ndefu zinazotoka Brazili. Alimwambia Selpher aende São Paulo achague nywele, apitie Madrid apeleke mzigo kwa mwenye saluni mmoja huko, kisha arudi nyumbani. Tiketi na viza, kila kitu juu yake. Mimi nilimuuliza Sylvia swali moja tu.

"Mbona yeye, na wasichana wako wa saluni wapo?"

"Baba Selpher, hawa wangu waoga," akasema. "Nina Njaa anajua mpaka."

Nilifurahi. Niliona ni sifa.

Asubuhi ya kuondoka São Paulo, mtu alimletea Selpher sanduku la pili hotelini, akasema Sylvia amesema ulibebe pia. Akalibeba. Hakulifungua. Sisi hatufungui mzigo wa mtu.

Siku kumi baada ya yeye kukamatwa, wakili wa Madrid, mwanamke aitwaye Nuria aliyepewa kesi na serikali, alitutumia ujumbe kwa simu. Alikuwa akiandika kwa Kiswahili cha mashine, kilichopinda lakini kinasomeka. Pamoja na ujumbe akatuma kurasa tatu za Kihispania. Alisema ni maneno ya Selpher mbele ya polisi, yaliyotafsiriwa na mkalimani, na Selpher ametia sahihi.

Mke wangu Loy ni Mjopadhola wa Nabuyoga, upande wa Uganda. Baada ya kulia siku mbili alinyamaza, akasema, "Yuko daktari wa ng'ombe aliyekuwa anatibu mifugo ya baba. Ecodu. Alisoma Kuba. Anakaa Merikit. Peleka hizo karatasi."

Nilienda kwa baiskeli, zaidi ya saa nne. Ecodu alikuwa mzee mrefu, Mteso, mwenye buti za mpira na miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimkuta ameingiza mkono mzima ndani ya ng'ombe.

"Ngoja," akasema. "Huyu hajui kama tuna wageni."

Alipomaliza aliosha mkono mpaka begani, akasoma zile kurasa amesimama. Kisha akaketi, akazisoma upya.

"Nitakusomea kama zilivyo. Wameuliza, sanduku hili ni la nani? Amejibu, ni langu. Wameuliza, nani alilipanga? Amejibu, mimi. Wameuliza, kuna mtu yeyote aliyekupa? Amejibu, hapana, hakuna mtu." Akavua miwani. "Ndugu Osborn, huyu mtoto alipigwa?"

"Hapana. Amefundishwa."

Nilimweleza. Alisikiliza bila kunikatiza, akiondoa matope kwenye kucha kwa kijiti.

"Hapa juu wameandika neno," akasema, akanionyesha kwa kile kijiti. "Interrogar. Kihispania kina kuuliza kwingi. Kuna preguntar. Ukimuuliza muuza nyanya bei, hiyo ni preguntar. Akikudanganya unaenda kwa mwingine. Interrogar ni jambo lingine. Ni kitenzi cha watu waliovaa suti. Hapo mtu ana karatasi, unachosema kinaandikwa, unatia sahihi, na kesho hata ukilia hakifutiki. Ninyi mpakani kwenu mnaulizwa tu. Hakuna aliyewahi kuwahoji."

Nilirudi Busia nikaenda moja kwa moja saluni kwa Sylvia. Alinipa kiti, akatuma niletewe chai. Hakuonekana kama mtu mwenye wasiwasi.

"Nimesikia," akasema. "Pole sana. Lakini mtoto yule ni wa maana, Baba Selpher. Mpaka leo hajataja mtu. Ulimfundisha vizuri."

Chai ile niliiacha mezani. Nilikwenda polisi nikaandikisha jina lake. Walipofika, saluni ilikuwa na kufuli, na namba yake ya simu haikupatikana tena. Busia nzima ikajua ni mimi niliyesema. Kesho yake asubuhi nilisimama na baiskeli yangu mahali petu pa kusubiri mizigo. Mwenye vitunguu alinipita akampa Kevo. Mwenye mayai naye akanipita. Mtu mmoja nyuma yangu akaiga sauti ya mtangazaji, "Hapa ni redio Osborn, habari kwa ufupi," wakacheka. Kevo hakucheka, lakini vitunguu alivichukua.

Kutoka gerezani Selpher aliruhusiwa kupiga simu dakika tano kwa wiki. Nilimwambia aseme ukweli wote, ataje jina.

"Baba, nimeshasema ni langu."

"Sema tena vingine."

"Nikigeuza watasema mimi mwongo. Na wewe ulisema nini? Ulisema ukigeuza neno mbele ya afisa umekwisha."

"Huko si mpakani, mama."

"Kumbe ni wapi? Nilikuwa kwenye mstari, nina mzigo, mtu wa sare akaniuliza."

 Hapo simu ikakatika. Ilimchukua miezi minne kukubali. Alipobadilisha maneno, wakili Nuria aliandika kwamba hakimu ameyapokea lakini ameuliza kwa nini yamechelewa.

Kisha ikaja habari nyingine. Upande wa mashtaka ulikuwa tayari kumaliza mambo bila mabishano. Selpher akikiri, wataomba miaka sita na siku moja, si zaidi. Akikataa, kesi itasikilizwa na lolote linaweza kutokea. Nuria alisema njia ya pili ipo lakini ni nyembamba. Mahakama ielezwe ile desturi yetu, ione kwamba "ni langu" kwa Selpher haikuwa kukiri, ilikuwa mazoea. Ushahidi huo ningetoa mimi, kwa video, nikiwa Busia.

Loy alisema, "Achukue ile sita. Sita inahesabika."

Mimi nilisema hapana. Nilisema mimi ndiye niliyemfunga mdomo na mimi ndiye nitakayemfungua. Selpher alipopiga nilimwambia akatae. Akasema, "Sawa, Baba," kama alivyosema siku ile ya kilo ishirini.

Nilirudi Merikit. Nuria alikuwa amesema mkalimani atakuwepo, sina haja ya Kihispania hata neno moja. Lakini nilitaka sentensi moja ya kwangu. Nilitaka hakimu asikie kwa mdomo wangu kwamba sijaburutwa, nimekuja mwenyewe. Ecodu alifikiri, akaiandika nyuma ya karatasi ya dawa ya kupe: Señoría, solicito que me interroguen.

"Mheshimiwa, naomba mnihoji," akasema. "Hakuna mtu mwenye akili anayeitumia. Watu huomba wasihojiwe."

Nilikwenda Merikit mara kumi na moja. Sentensi yenyewe niliishika kwa siku mbili, ingawa ile herufi ya r ya kukaza ilinitoa mate na Ecodu akasema hata ng'ombe wa Kuba wangekimbia. Kilichonishinda ni kuhojiwa kwenyewe. Ecodu aliketi juu ya ndoo akajifanya hakimu.

"Osborn, nani alimfundisha binti yako kusema mzigo ni wake?"

"Kule kwetu kila mtu anajua hayo."

"Nimekuuliza nani."

"Mtoto anaona wakubwa wanavyofanya, mheshimiwa."

"Wewe Mkenya! Nani?"

"Lakini mzee, na wewe unajua maisha yalivyo—"

Alinirushia gunzi la mahindi. "Unaona? Umepita pembeni mara tatu. Wewe mtu akikuuliza tu, mguu wako unatafuta njia ya panya. Jibu ni neno moja."

"Mimi," nikasema.

"Tena."

"Mimi."

Tulifanya hivyo mpaka nikaweza kujibu kila swali kwa neno moja au mawili, bila kutabasamu, bila kuomba huruma. Mara ya kumi na moja Ecodu aliniuliza maswali arobaini na sikupinda hata moja. Aliinuka kwenye ndoo akanipa mkono. "Sasa unahojika," akasema. Nilirudi nyumbani nimefurahi kuliko nilivyofurahi tangu msiba huu uanze.

Siku yenyewe nilivaa koti la harusi yangu. Nilikalishwa peke yangu katika chumba kidogo, upande wa Kenya, mbele ya kioo cha kompyuta. Mahakama ya Madrid ikatokea. Mahakimu watatu, mwendesha mashtaka mwanamume mwembamba, Nuria, ambaye sikuwa nimewahi kumwona uso, na pembeni Selpher. Alikuwa amenyoa nywele. Aliniona akanyanyua kidole kimoja kutoka gotini, basi.

Mkalimani alikuwa mwanamke, Kiswahili chake cha Tanga au huko pwani. Nuria alikuwa amenionya kwa maandishi, mara mbili. Jibu maswali yangu. Kisha nyamaza.

Aliniuliza maswali sita. Nilieleza mchele ulivyogawanywa, nilieleza neno letu, nilieleza redio ni nani. Alipouliza nani alimfundisha, nilisema mimi. Hakimu wa kati aliandika. Mmoja wa pembeni aliniangalia kwa muda mrefu, na uso wake haukuwa mbaya.

Kisha wakampa nafasi mwendesha mashtaka. Alitazama karatasi zake, akatikisa kichwa. Mkalimani akasema, "Mheshimiwa mwendesha mashtaka hana swali kwa shahidi."

Hapa ndipo nilipokosea, na nataka nieleweke wazi, kwa sababu nimeulizwa na watu wengi, na Loy bado ananiuliza. Miaka thelathini na minne nimevuka ule mpaka. Afisa akikuuliza, una nafasi. Akikutania, una nafasi kubwa. Afisa akikutazama tu, asikuulize kitu, akageuza uso, ujue ameshaamua kukunyang'anya. Kila mbeba mizigo anajua hivyo. Tunapoona afisa amenyamaza, tunamsogelea, tunamsemesha, tunamlazimisha aulize. Nilimwona yule mwembamba amenyamaza na kugeuza uso, nikajua binti yangu amekwisha.

Nikasimama. Kamera ikabaki kwenye vifungo vya koti langu, nikainama ili wanione uso. Nikasema, na r zote zikatoka kama zilivyotakiwa:

"Señoría, solicito que me interroguen."

Kule Madrid vichwa vyote viliinuka. Nuria alinyanyua mkono. Hakimu wa kati akamgeukia mwendesha mashtaka, akasema jambo fupi, na mwembamba akaweka kalamu mezani.

"Kwa kuwa shahidi ameomba," mkalimani akatafsiri, "nina maswali machache. Umesema ulimfundisha binti yako kuwadanganya maafisa wa mpaka. Tangu akiwa na umri gani?"

"Miaka tisa."

"Alikuwa akilipwa?"

Mguu wangu ukatafuta njia ya panya. Malipo gani, ni kusaidiana tu, ndivyo ningesema siku zote. Nikaukanyaga.

"Alilipwa."

"Kwa hiyo kabla ya safari hii alikuwa amefanya kazi ya kuvusha mizigo ya watu wengine, na kuwaficha wenye mizigo, kwa miaka mingapi?"

"Kumi na saba."

"Na alikuwa hodari?"

"Sana."

"Swali la mwisho. Mtu wa mpakani kwenu akipewa mzigo na kuambiwa aseme ni wake, anajua kwamba ndani ya jambo hilo kuna kitu kinachofichwa serikali?"

Nilimtazama Selpher. Alikuwa ananiangalia na midomo yake ilikuwa inatembea kidogo. Sijui alikuwa anasema nini. Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema mtoto huona tu wakubwa wanavyofanya. Maneno yalikuwepo, yamejipanga. Lakini Ecodu alikuwa ameketi kwenye ile ndoo kichwani mwangu, na mimi nilikuwa nimepigwa magunzi mara kumi na moja ili nisipinde.

"Anajua," nikasema. "Kila mtu anajua."

Nilitaka kuongeza kwamba kinachofichwa ni ushuru, ni mchele, ni mayai. Nilifungua mdomo. Mwendesha mashtaka alikuwa ameshaketi, na hakimu akasema asante, shahidi aondoke. Nuria alikuwa amevua miwani, amefunika macho kwa vidole viwili. Kioo kikawa cheusi nikaona koti langu.

Hukumu ilikuja baada ya wiki tatu. Ecodu alinisomea, safari hii kwa simu, polepole. Walisema wameamini kwamba sanduku lilikuwa la mtu mwingine. Walisema hilo halimwokoi, kwa sababu baba yake mwenyewe, aliyeomba kuhojiwa kwa hiari yake, amethibitisha kwamba mshtakiwa alikuwa mzoefu na alijua mzigo wa namna hiyo una cha kufichwa, akachagua kutoufungua. Walisema ushahidi wa baba ulikuwa wa kweli na ulio wazi. 

"Daktari," nikamwita.

"Nipo."

"Endelea."

"Imebaki hesabu tu," akasema.

Selpher alipiga Jumamosi. Hakunilaumu. Aliuliza kama Prossy ameng'oka jino. Nikamwambia ameng'oka, mawili. Akasema, "Baba, Kihispania chako kilikuwa kizuri. Hata mlinzi wangu alikisifu." Kisha dakika tano zikaisha.

Hesabu yenyewe ni hii. Miaka sita na siku moja ndiyo aliyopewa akakataa kwa sababu yangu. Miaka saba na nusu ndiyo aliyofungwa. Tofauti ni miezi kumi na minane kasoro siku moja, na hiyo ni yangu, si ya Sylvia. Prossy alikuwa na miaka minne mama yake alipoondoka; atakaporudi, atakuwa na kumi na moja na nusu. Loy hajalala chumba kimoja nami tangu hukumu isomwe, miezi tisa sasa. Baiskeli nimemwachia Kevo. Mpakani sijapewa mzigo hata mmoja.